Barua ya wazi kwa wazazi vijana mnaoficha watoto matone ya polio yakipita

Wanangu, salaam sana. Nimefundisha baiolojia sekondari miaka mingi, na mdogo wangu anatembea na magongo toka utotoni kwa sababu ya polio, kwa hiyo nikisikia mama kijana anasema "akiugua si nitampeleka hospitali" roho inaniuma sana, maana dawa ya kutibu polio mpaka leo haipo.

Ngoja niwaeleze kinachotokea mle kwenye seli. Kirusi cha polio kinakuja na RNA, yaani maandishi ya maelekezo ya kutengeneza protini, ya herufi kama 7,500 tu, mtambo wa kutengeneza protini hakina, kinategemea wafanyakazi wa seli yenyewe, yaani protini zake. Sasa wengine wanakaa ndani ya kiini cha seli na polio inazaliana nje ya kiini. Kinafanyaje? Kina kimeng'enya chake kinaitwa 2A, kazi yake kukata, kinakata protini zilizojenga matundu ya ukuta wa kiini, yale ndo milango ambayo mizigo yote inakaguliwa ikiingia na kutoka. Milango ikishaharibika, protini za ndani zinarundikana nje. Ipo moja inaitwa La, siku zote makazi yake ni kwenye kiini inahudumia RNA za mwili, lakini polio ikishaingia unaikuta nje imeshika RNA ya kirusi inasaidia isomwe! Alafu 2A hiyohiyo inakata protini nyingine, eIF4G, ambayo seli inaitegemea kusoma RNA zake yenyewe, basi mtambo mzima unabaki unamtumikia mvamizi, na ni masaa machache tu seli imekufa. Ikiwa ni seli ya neva inayoendesha mguu, haioti nyingine.

Hapo dawa ipige wapi kirahisi? Ukiipiga La umempiga mtoto, ni protini yake. Matone yanafundisha kinga ya mwili ikikamate kirusi kabla hakijafika huko kwenye seli.

Na msiniambie polio iliisha. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa haina polio ya asili, Februari 2022 Malawi hapo jirani ikatangaza mtoto kapooza, ndo mkaona matone yanapitishwa na huku Tanzania nyumba kwa nyumba.

Wakibisha hodi tena mtoeni mtoto, kama ana homa waambieni hapohapo, wao wataamua.