Barua kwa Baba: Sigara na Nyonga

Leeds, Uingereza

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na kazi ya kuhudumia wazee wodini inaendelea vyema. Mama amenieleza kwamba ulipoombwa uache sigara ulijibu kuwa mapafu yako yameshazoea, na kwamba mtu aliyevuka miaka 70 hana tena cha kuokoa. Kwa heshima zote, baba, mimi nakuandikia kuhusu nyonga.

Mwaka 1997 watafiti wa huku walijumuisha matokeo ya tafiti nyingi, wakaona kuwa hatari ya kuvunjika nyonga kwa mwanamke anayevuta huizidi ya asiyevuta kwa asilimia 17 hivi akiwa na miaka 60, asilimia 41 akifika 70, na asilimia 71 akifika 80. Takwimu za wanaume zilikuwa chache, ila zilielekea huko huko. Kwa hiyo hoja yako ya uzee, uniwie radhi, inakugeukia mwenyewe.

Sigara hudhoofisha chembe hai zinazojenga mfupa, hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya kalisi kutoka kwenye chakula, na kwa wanawake hushusha homoni inayolinda mifupa. Isitoshe, wavutaji wengi ni wembamba, hawana nyama ya kuikinga nyonga wanapoanguka; nawe nasikia mkanda wako umetobolewa tundu jipya.

Mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi tunamtambua hata kabla ya eksirei: mguu mmoja huonekana mfupi kuliko mwenzake, na unyayo umegeukia nje. Wengi hawakuanguka kutoka juu, bali waliteleza tu wakienda msalani usiku. Hufanyiwa upasuaji, lakini wengi hawaurudii mwendo wao wa zamani, na kwa mvutaji kidonda na mfupa huchelewa kupona.

Sitakudanganya kwamba ukiacha leo mfupa utajijaza kesho. Faida yake huja polepole, kwa miaka, na ndiyo sababu sipendi uendelee kununua moja moja kwa Mangi ukisema unapunguza. Nimemtumia Hamisi fedha afunge taa na chuma cha kushikilia kwenye choo cha uani, akwangue na ile sakafu inayoteleza. Ukishaamua siku ya kuacha nijulishe, ili niwe nakupigia simu baada ya chakula cha usiku, saa ambayo najua hamu hukuzidi.

Wasalimie wote Magomeni.

Binti yako,
Zuhura