Nyumba ipangwe kufuata jua, si barabara

Mhariri,

Wengi wanaojenga Ruai na Utawala, mitaa ya Nairobi, huchora nyumba itazame barabara, kisha hushangaa chumba cha kulala kikichemka jioni. Nairobi iko digrii 1.3 tu kusini mwa ikweta, hivyo jua hupiga kuta za mashariki na magharibi mwaka mzima. Madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini, paa litokeze sentimita 60 hivi. Magharibi weka stoo, bafu na ngazi. Kugeuza ramani kabla ya msingi hakuli hata mfuko mmoja wa simiti.

Mabati bila dari? Mchana tanuri, usiku wa Julai barafu.

Na paneli ya jua ya maji moto isilazwe bapa, vumbi litaganda. Iinuliwe digrii 10 hadi 15, itazame kaskazini, mvua iioshe.

Msomaji,
Nairobi