Kwa sahibu yangu unayefundisha kuogelea Nyali, Mombasa

Sahibu yangu,

Salaam nyingi. Ningekupigia simu, lakini ukiona jina langu utajua ninachotaka, na utasema uko kazini. Basi naandika hapa mbele za watu usipate pa kujificha. Jina lako silitaji, wala la hoteli. Wanaokujua watakujua tu.

Ni habari ya mpwa wangu wa Mtopanga, yule aliyekatwa mguu wa kushoto juu ya goti baada ya ajali ya bodaboda. Mamake alikufuata mpaka bwawani. Ulimkaribisha vizuri, ukamnunulia soda, halafu ukamwambia kwamba wewe hukusomea kufundisha walemavu, bora kijana atafutiwe mahali pao. Najua hukusema kwa ubaya. Tumekua pamoja, tumechupa pamoja pale bandari ya kale maji yakiwa bamvua, na moyo wako naufahamu. Lakini dada yangu alirudi nyumbani akaitoa kwenye mfuko ile kaptura ya kuogelea aliyomnunulia mwanawe, akaiweka juu kabatini. Tangu siku hiyo kijana hazungumzii tena maji.

Sasa nisikilize. Nimekaa nikisoma habari za waogeleaji wa Afrika Kusini wa Paralimpiki, ile michezo ya dunia ya wenye ulemavu. Sisi Wakenya tukisikia Paralimpiki tunawaza mbio, na tuna haki. Ni nani asiyemkumbuka Henry Wanyoike, kipofu, Sydney 2000, mita 5,000, muongozaji wake akiishiwa nguvu karibu na utepe na yeye ndiye akamvuta mpaka mwisho? Ila kwenye maji, jina kubwa la bara hili ni la Afrika Kusini. Nilitaka kujua wale watu walitengenezwa wapi. Nilidhani nitakuta chuo fulani, bwawa maalumu, makocha wenye vyeti vya ulemavu. Nilichokikuta ndicho kilichonifanya nikuandikie.

Niipitie historia upesi. Michezo yenyewe ilianzia hospitalini, Stoke Mandeville, Uingereza, tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ilipofunguliwa London. Daktari Ludwig Guttmann aliwakusanya majeruhi wa vita 16, wanaume kwa wanawake, wakashindana kwa upinde na mishale. Mwaka 1960 wakafika Rome, wanamichezo 400 kutoka nchi 23, na kuogelea kulikuwemo tangu hapo. Lakini ilikuwa michezo ya walioumia uti wa mgongo tu. Mtu kama mpwa wangu, aliyekatwa kiungo, hakuwa na nafasi mpaka Toronto mwaka 1976.

Afrika Kusini iliingia Tokyo mwaka 1964, nyumbani ikiwa na sheria ya mwaka 1953 iliyotenga kila kitu cha umma kwa rangi ya ngozi: mabenchi, fukwe, mabwawa ya kuogelea. Kwa hivyo usinidhanie nawapamba. Timu huota palipo na bwawa, na mabwawa mazuri ya nchi ile yalikuwa na wenyewe. Kenya tuliingia Heidelberg mwaka 1972, na ilipofika 1976 tukajitoa Toronto kwa sababu Afrika Kusini ya makaburu ilikuwepo. Mwaka uleule mlango ulipofunguliwa kwa waliokatwa viungo, sisi tukabaki nyumbani. Mimi naona tulifanya sawa, ingawa huwa nawafikiria wale ambao zamu yao ilipotelea hapo. Mwaka 1980 Waholanzi nao walikataa kuwapokea Afrika Kusini Arnhem, na timu hiyo haikurudi mpaka Barcelona 1992. Huko Tadhg Slattery, mwenye mtindio wa ubongo, akachukua dhahabu kwa mtindo wa chura. Miaka ishirini baadaye, London 2012, alikuwa bado yumo majini.

Lakini anayekuhusu hasa wewe ni Natalie du Toit.

Huyu alikuwa mwogeleaji kabla hajawa mlemavu. Mwaka 1998, akiwa na miaka 14, alikwenda Kuala Lumpur kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Februari 2001 alikuwa akitoka mazoezini Cape Town kwa skuta, anawahi shule, gari likamgonga. Mguu wa kushoto ukakatwa gotini. Alikuwa na miaka 17. Miezi mitatu baadaye alikuwa bwawani, kabla hajaweza hata kutembea. Alirudi kwenye bwawa lilelile, kwa waogeleaji walewale, na aliyemfundisha, Karoly von Törös, alikuwa kocha wa kuogelea kama wewe ulivyo. Hakuna aliyempeleka mahali pao.

Mwaka uliofuata, Manchester 2002, aliingia fainali ya mita 800 ya wanawake wenye miguu miwili. Alimaliza wa nane. Ni wangapi waliokatwa mguu waliowahi kufika fainali kama hiyo? Wachache mno. Kisha Athens 2004, dhahabu tano na fedha moja. Beijing 2008, dhahabu tano. London 2012, dhahabu tatu na fedha moja, akastaafu. Jumla dhahabu 13.

Medali hizo, ukitaka, ziweke kando. Mimi kinachonikosesha usingizi ni ile kilomita 10. Mapema mwaka 2008, kwenye mashindano ya dunia ya kuogelea maji ya wazi, yaani nje ya bwawa, mjini Seville, Hispania, alishika nafasi ya nne, akafuzu Olimpiki yenyewe, ya wazima. Beijing akabeba bendera ya nchi yake kwenye Olimpiki, akaibeba tena kwenye Paralimpiki. Kilomita 10, ndugu yangu! Ukichora mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka kivuko cha Likoni mpaka ufuo wa Pirates, ni kama hapo. Aliogelea masafa hayo kwa mguu mmoja, muda wa saa mbili na ushei, katikati ya wanawake wanaopigana viwiko na mateke, maana maji ya wazi hayana laini ya kumtenga mtu na mwenzake. Akamaliza wa 16, dakika moja na sekunde ishirini hivi nyuma ya mshindi. Nyuma yake walikuwa watu wenye miguu yao yote.

Najua utasema huyo alikuwa bingwa tangu utotoni, si mfano wa kijana wa Mtopanga. Haya, mchukue Achmat Hassiem. Huyu alikuwa mwokoaji wa ufukweni, kama vijana wetu wanaoshinda Pirates siku za sikukuu. Agosti 2006 walikuwa mazoezini Muizenberg, karibu na Cape Town, yeye na mdogo wake Tariq wako majini, papa mkubwa mweupe akaelekea kwa Tariq. Achmat akayapigapiga maji kwa mikono ili papa amgeukie yeye. Akageuka kweli. Mdogo mtu akatoka salama, mkubwa akapoteza mguu wa kulia chini ya goti.

Akiwa kitandani hospitalini alitembelewa na Natalie du Toit, akamshawishi aingie kwenye kuogelea. Sioni kamati hapo, wala semina. Mtu mmoja aliyekatwa mguu alimwendea mwingine akamwambia kuna bwawa. Miaka miwili baadaye Hassiem alikuwa Beijing. London 2012 akapata shaba, mita 100 kipepeo, daraja la S10, la wenye ulemavu mdogo zaidi wa viungo. Na kioja chenyewe ni kwamba siku hizi anawatetea papa, wasiuawe ovyo. Mimi nisingeweza.

Kuna na kisa cha Terence Parkin, ingawa huyo si wa Paralimpiki. Ni kiziwi, akaogelea Olimpiki ya kawaida Sydney 2000 akapata fedha ya mita 200 za mtindo wa chura. Hakusikia mlio wa kuanza, alitazama taa. Kocha wake, Graham Hill wa Durban, ndiye baadaye aliyemlea Chad le Clos, bingwa wa Olimpiki. Kocha yuleyule, mmoja anasikia, mwingine hasikii.

Umeona ninakokwenda. Unasema hukusomea. Hebu tuangalie ni kipi hasa usichokijua.

Kwenye mashindano mguu wa bandia hauruhusiwi majini, kwa hivyo hilo halikuhusu hata kidogo. Kijana ataingia na alichonacho. Kwa mtindo huru mikono ndiyo injini, miguu kazi yake kubwa ni kuuweka mwili sawa, na wewe umetufundisha hilo tukiwa hatujaota ndevu. Mwenye mguu mmoja mwili utataka kupinduka upande mmoja, na ule mguu uliobaki utajifunza wenyewe kupiga ukielekea katikati. Utamsahihisha kwa macho, kama unavyomsahihisha yule mtoto ambaye kila siku anaangusha kiwiko. Mtindo wa chura ndio utakaomsumbua, kwa sababu ule unategemea teke. Ndiyo maana hata kwenye madaraja yao wameutenga: S ni kwa mtindo huru, chali na kipepeo, SB ni kwa chura, SM ni kwa mchanganyiko. Mtu mmoja anaweza kuwa S9 huku na SB8 kule. Kuanzia 1 mpaka 10 ni ulemavu wa viungo, na namba ikishuka ulemavu ni mkubwa zaidi. 11 mpaka 13 ni wasioona au wenye uoni hafifu, 14 ni ulemavu wa akili. Vipofu kabisa huvaa miwani iliyotiwa weusi wote wawe sawa, na mtu husimama ukingoni na fimbo yenye ncha laini, akawagusa ukuta unapokaribia. Kuanza, asiyeweza kuruka huanzia ndani ya maji. Kugeuka ukutani atasukuma kwa mguu mmoja, atapoteza muda kidogo, basi.

Hayo yote nimeyaeleza kwa aya moja, mimi ambaye kazi yangu ni kuuza vipuri Mwembe Tayari. Wewe mwenye saa shingoni utashindwa na lipi?

Nadhani unachokiogopa ni kingine. Unaogopa wageni wa hoteli watamkodolea macho yule kijana akitua magongo ukingoni, na meneja atakuita ofisini. Inawezekana. Lakini fikiria pia mabwawa ya mji huu yako wapi: hotelini, kwenye vilabu, kwenye shule za karo kubwa. Bahari ni ya kila mtu, ila bahari haina ukuta wa mita 25 wala haina mstari mweusi chini wa kukunyoosha. Kule Port Reitz kuna shule nzima ya watoto wenye ulemavu wa viungo, na maji ya ghuba hayako mbali. Afrika Kusini ngozi ndiyo iliyoamua nani aingie bwawani. Kwetu ni lango na askari wa lango, na mwenye ufunguo mmoja wapo ni wewe.

Na tafadhali usimpokee kwa huruma. Watu wa mtaani wanamwita shujaa kwa kuvuka barabara tu, mpaka amechoka. Anataka mtu wa kumwambia kwamba mkono wake wa kushoto unaingia majini vibaya, na kwamba jana alikuwa haraka kuliko leo. Du Toit hakufika Seville kwa kuonewa imani. Alifika kwa kuamka alfajiri na kupimwa kwa saa ileile waliyopimwa wenzake.

Nimezungumza na dada yangu. Kaptura imeshushwa kabatini. Jumamosi watakuja saa tatu, saa ya darasa la watoto wote. Usiwaambie waje alfajiri kabla wageni hawajaamka, maana najua hilo ndilo utakalolifikiria. Mwanzoni mweke laini ya pembeni iliyo karibu na ngazi, na mwambie mfagiaji asiloweshe vigae vya upande ule, magongo yasimteleze. Daktari wake amesema kidonda kimepona kabisa na maji hayana neno. Barua yake mamake ataibeba. Ada atalipa kamili kama wenzake, na ukijaribu kumpunguzia mamake atakurudishia.