Tusiwahukumu matangani watoto wenye tundu la moyo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Majuzi tulikuwa matangani hapa Kisauni, aliyefariki ni mtoto mchanga. Kina mama mkekani wakawa wanaulizana alikuwa na maradhi gani, mmoja akajibu: "Moyo ulikuwa na tundu. Wa hivyo hawaishi." Wenzake wakaitikia. Binti yangu alikuwepo, na mwanawe wa kiume, ambaye naye alizaliwa na tundu, yuko kando yake anasikia kila neno. Mtoto wa chekechea ana masikio, jamani.

Wanaishi. Huyu wetu anaishi, na wako wengi kama yeye.

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na ukuta katikati unaotenga upande wa kulia na wa kushoto. Tundu liko kwenye ukuta huo wa ndani, kwa hivyo damu haimwagiki kifuani kama watu wanavyodhani. Upande wa kushoto una nguvu zaidi, maana ndio unaosukuma damu mwili mzima; wa kulia unaipeleka mapafuni tu, hapo karibu. Basi penye tundu, damu iliyokwisha pata hewa safi hupenya kutoka kushoto kwenda kulia ikarudishwa mapafuni bure. Tundu likiwa kubwa, mapafu hulemewa na moyo hufanya kazi maradufu. Likiwa dogo, mtoto pengine haoni tabu yoyote, na mengi ya matundu madogo ya vyumba vya chini huziba yenyewe mtoto akikua. Kwa hivyo mzazi akiambiwa habari hii asilie akaondoka. Amuulize daktari tundu liko wapi, lina ukubwa gani, mapafu yako hali gani, na mtoto arudishwe lini.

Mjukuu wangu alizaliwa mzima, analia kwa sauti, uzani mzuri. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba wiki za mwanzo mishipa ya mapafu ya mtoto bado imekaza, kwa hivyo damu nyingi haijaanza kupita kwenye tundu. Ikilegea ndipo mambo huonekana, na kwetu ilikuwa baada ya arubaini. Alikuwa akinyonya kidogo anaachia ziwa, anahema haraka haraka kama aliyetoka mbio, kisha analitafuta tena ziwa kwa njaa. Kichwa kilikuwa kikimtoka jasho mpaka leso ya mamake inalowa. Tukaambiwa ni joto la Mombasa. Lakini jasho lile lilimtoka alfajiri, panka linazunguka, sisi wengine tumejifunika shuka! Ukimvua nguo unaona ngozi inaingia ndani chini ya mbavu kila akivuta pumzi. Uzani ukasimama. Zahanati moja ikawa inatupa dawa ya nimonia, anapata nafuu, anarudi tena vile vile. Aliyetuokoa ni daktari kijana aliyeweka kipimo kifuani akanyamaza kwa muda, halafu akasema, "Mama, huu moyo una mvumo. Apigwe picha." Mvumo ni ile sauti ya damu ikipita kwa nguvu penye tundu. Picha yenyewe ni ile ya mawimbi ya sauti kama wanayopigwa wajawazito. Haina sindano wala haimuumizi mtoto.

Alipewa dawa ya kupunguza maji mwilini, akaongezewa chakula cha kumtia nguvu, kisha akapasuliwa, tundu likawekwa kiraka. Si jambo la majaribio. Tundu kama lake lilizibwa kwa upasuaji huko Marekani mwaka 1954, mimi sijazaliwa.

Kinachoua mara nyingi ni kuchelewa. Tundu kubwa likiachwa miaka, mishipa ya mapafu hukakamaa, damu inageuza njia, na mtoto anaanza kuwa buluu midomo, ulimi na kucha. Akifika hapo, hata daktari bingwa huenda akashindwa kuliziba, maana kuliziba ndiko kutakakomdhuru.

Na kina mama wenzangu, muacheni mzazi. Binti yangu aliulizwa kama alitoka nje magharibi akiwa mjamzito, akaambiwa ni kijicho, akaulizwa alimkasirisha nani. Moyo wa mtoto hujengeka katika wiki nane hivi za mwanzo, wakati wengine hata hawajajua kama wana mimba. Yako mambo yanayojulikana kuongeza hatari, kama kisukari cha mama kisichodhibitiwa, pombe, au kuugua rubela mimba ikiwa changa, lakini wazazi wengi hawaambiwi sababu kwa kuwa haijulikani. Karibu mtoto 1 katika kila 100 huzaliwa na kasoro ya moyo. Hao wote mama zao walitoka magharibi?

Ombi langu kwa wakuu wa afya wa kaunti ni hili. Chanjo ya wiki ya sita inawaleta watoto wengi kliniki, na ndiyo wiki ambayo tundu kubwa huanza kujionyesha. Siku hiyo mtoto avuliwe nguo, atazamwe mbavu, moyo usikilizwe, na mama aulizwe mwanawe ananyonya vipi. Kila zahanati, hata za Mtongwe na Bamburi ndani ndani, iwe na mtu aliyefundishwa kuusikia mvumo huo, na barua ya kumpeleka mtoto hospitali kubwa iandikwe siku hiyo hiyo.

Nyanya wa Kisauni,
Mombasa