Somo yangu, kabla hujanunua ule mkanda wa kiuno

Ngamiani, Tanga
Jumapili, baada ya Alasiri

Somo yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto na wateja wako wote wa hapo kibandani. Sisi huku hatujambo. Joto tu ndilo linalotuchosha. Mvua tunaiona kwa mbali baharini, nchi kavu haitaki kufika.

Juzi salio lilikuishia ukiwa katikati ya habari za ule mkanda wa kufunga kiunoni uliouona Kariakoo, na muuzaji aliyekuahidi kwamba ukiuvaa wiki mbili mgongo umepona. Tangu siku ile sina raha. Ningekutumia ujumbe wa simu, lakini niliyo nayo ni mengi, na nataka uyasome taratibu usiku, ukishafunga biashara.

Unakumbuka mwaka ule kiuno kiliponikatikia, ila sikuwahi kukusimulia yote. Ilikuwa Desemba, msimu wa sare za shule. Niliinama kuchukua jora la kitambaa chini ya meza, nimejipinda upande, mkono mmoja una mkasi. Pale pale nikasikia kitu kiunoni kinafyatuka, kama uzi uliokazwa kupita kiasi. Sikuweza kunyooka. Nilitambaa mpaka mlangoni, nikakaa kizingitini nikimsubiri baba watoto aje na bajaji, na njiani kila tuta nililihesabu kwa machozi.

Nililala kitandani siku kumi na mbili. Kila aliyekuja kunijulia hali alisema nisijitikise, nami nikatii. Kumbe ndilo kosa langu la kwanza. Siku ya kumi na mbili nilikuwa mkavu kama ukuni: naswali nimekaa kwenye kiti, kuoga nasaidiwa, kujigeuza kitandani mpaka nishike ubao wa kitanda. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba huko Finland, mwaka 1995, madaktari walilinganisha watu waliokatwa na kiuno ghafla. Waliolazwa kitandani siku mbili tu walichelewa kupona kuliko walioendelea na shughuli zao kwa kadiri maumivu yalivyowaruhusu. Siku mbili, somo! Na mimi nililala kumi na mbili.

Hapo ndipo alipopita machinga na mkanda. Mweusi, mpana kama kiganja na nusu, ndani umeshonewa vidude vya duara alivyosema ni sumaku za kuvuta maumivu. Nilitoa shilingi 25,000. Na Mungu ni shahidi yangu, siku ya kwanza ulinifaa. Nilipoukaza, joto likatanda kiunoni, nikahisi kama mtu amenishika kwa mikono miwili kutoka nyuma. Nikasimama, nikaenda jikoni, nikapika chai mwenyewe. Nililia kwa furaha mbele ya jiko. Kwa hiyo sikuandikii kukuambia kwamba mkanda hauna kazi. Kazi unayo.

Tatizo lilikuwa kwangu. Niliuvaa tangu Alfajiri hadi usiku, na usiku nikalala nao. Miezi miwili mizima. Jasho la Tanga unalijua. Kiuno kilijaa vipele mpaka vikatoa maji. Lakini hilo dogo. Kubwa ni kwamba kila nilipouvua nilijihisi kama kiti kilichong'olewa misumari. Bila mkanda hata kuchota maji kwa kata niliogopa. Nilifikiri mgongo umezidi kuharibika, kumbe nilikuwa nimeuzoesha kubebwa.

Aliyenifungua macho ni kijana mmoja wa fiziotherapia, hospitali. Aliniambia niuvue, nilale chali, nikunje magoti. Kisha akachukua vidole vyangu mwenyewe, akavibonyeza tumboni, ndani kidogo ya mfupa wa nyonga, kushoto na kulia. Akaniambia, "Kohoa, mama." Nikakohoa. Chini ya vidole nikahisi kitu kinakaza, kinainuka, kisha kinalegea. Akasema, "Mkanda wako ndio huo, umezaliwa nao." Jaribu leo usiku, somo, utauona. Ni msuli wa ndani kabisa ya tumbo, umezunguka kutoka mbele mpaka nyuma kama kitambaa kilichofungwa. Kati ya mbavu na nyonga kuna pingili tano tu za uti wa mgongo, na mzigo wote wa juu unashukia hapo. Msuli ule na wenzake wa mgongoni ndio wanaozishikilia.

Mkanda wa dukani unaiga kazi hiyo kutoka nje. Unabana tumbo, tumbo likibanwa linakuwa gumu kama gunia lililojaa vizuri, na uti wa mgongo unapata msaada kutoka mbele. Pia unakuzuia kuinama ovyo, na unaleta joto linalolegeza misuli iliyokakamaa. Basi, kazi yake inaishia hapo. Hauponyi diski, ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili, haurudishi pingili mahali pake, na zile sumaku hazina faida yoyote.

Nilipoyasikia hayo nilimkumbuka bibi. Nilipojifungua mwanangu wa kwanza alinikaza mkaja yeye mwenyewe, kanga imekunjwa mara nne, goti lake ubavuni mwangu ili ashike vizuri. Arobaini ilipotimia akaufungua, akaufua, akaukunja, akautia sandukuni. Nilimwomba aniache nao kidogo maana nilishauzoea. Akakataa katakata, akaniambia nyama za tumbo nazo zirudi kazini. Kibwebwe ni vile vile: mwanamke hujifunga anapoingia kwenye kazi nzito, kazi ikiisha hukifungua akakaa kitako. Wale wazee walijua mapema jambo ambalo mimi nimelilipia miezi miwili ya vipele.

Binti yangu anayesomea uuguzi alinisomea mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu ya kiuno yaliyozidi miezi mitatu. Mikanda hawaipendekezi iwe tiba ya kawaida. Wanachosisitiza ni mazoezi, kumwelimisha mgonjwa, na mengine ya namna hiyo. Wanasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu haya, nami nikaelewa kwa nini wauzaji wa mikanda hawakosi wateja. Alinisomea pia uchunguzi wa Marekani uliotoka mwaka 2000, wa wafanyakazi zaidi ya 9,000 wa maduka, watu wa kunyanyua maboksi kutwa. Waliovaa mkanda kila siku waliumia kiuno sawasawa na wasiouvaa. Kwa hiyo usiuvae ukidhani utakukinga usiumie tena.

Mimi sasa nauvaa kwa kazi maalumu. Siku ya kukata vitambaa vingi nauvaa saa moja, saa moja na nusu, kisha nauvua. Nikipanda basi kuja huko Dar nauvaa, maana yale masaa ya kukaa na kurushwarushwa ndiyo yanayoniumiza kuliko yote. Silali nao. Na chini yake lazima niwe na fulana ya pamba.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Uliniambia maumivu yanashuka tako la kushoto, yanapita ubavuni mwa paja mpaka mguuni, na kidole gumba cha mguu kina ganzi. Ulilisema kwa haraka, kama jambo la kupita. Si la kupita, somo. Hapo kuna neva, yaani mshipa wa fahamu, inayobanwa, na mkanda hauwezi kuibandua. Nenda hospitali wiki hii wakupime nguvu za mguu. Jaribu kusimama kwa visigino. Kama mguu wa kushoto haukubali kuinua vidole, mwambie daktari neno hilo kabla ya mengine yote. Na nakuomba kwa jina la Mungu, ukianza kuhisi ganzi sehemu za siri au pale pa kukalia, au mkojo ukakataa kutoka, au ukatoka bila wewe kujua, au miguu ikalegea, usingoje asubuhi. Saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane, wakupeleke. Hilo halisubiri.

Lingine. Hapa mtaani kuna mama alivaa mkanda karibu miezi saba. Kiuno kilimuuma mchana na usiku, jioni homa, usiku anatota jasho, nguo zinampwaya. Sisi tukasema ni uchovu. Nilimpunguzia magauni mawili mimi mwenyewe, nikaona inchi zinavyopotea, nisiseme kitu. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alhamdulillahi alipata dawa, zinatolewa bure, naye leo anatembea, ila mgongo umebaki na kinundu. Kila nikipima kiuno cha mtu sasa namkumbuka. Basi mwambie daktari kama umepungua uzito au kama una homa, hata kama unaona hayahusiani.

Ukishapimwa, tutazame kibanda chako. Mara ya mwisho nilipokuja nilikutazama siku nzima. Jiko liko chini, wewe umeinama juu ya sufuria la wali kama unayetafuta sindano iliyoanguka. Kuna daktari wa Sweden, Alf Nachemson, miaka ya 1960 alipima kwa sindano mgandamizo ndani ya diski za watu walio hai. Akakuta ukikaa diski inabanwa kuliko ukisimama, na ukiinama mbele huku umebeba kitu ndiyo inabanwa zaidi. Wewe unafanya yote mawili. Liinue jiko juu ya matofali mpaka mkono wa sufuria ufike usawa wa kiuno chako, na mwambie fundi ayajengee yasitikisike, maana mafuta ya moto hayana masihara. Ndoo ya lita ishirini ni kilo ishirini, tena unaibeba kwa mkono mmoja. Igawe mara mbili, kumi kulia, kumi kushoto. Na nazi zipeleke kwenye mashine sokoni. Najua unasema tui la mashine halina ladha ya la mbuzi. Ni kweli, halina. Lakini kukaa kwenye mbuzi nazi kumi na tano kila siku, umejikunja hivyo, mgongo upi utavumilia?

Mazoezi usiyaanze mpaka daktari akuone kwa sababu ya hiyo ganzi. Mimi nafanya mawili tu, kila siku baada ya Alfajiri. Moja nalala chali, magoti nimekunja, nainua kiuno mpaka mwili unyooke kuanzia mabegani hadi magotini, nahesabu hadi kumi, nashusha. La pili napiga magoti na viganja chini kama anayedeki, nanyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, kisha nabadilisha. Wiki ya kwanza nilikuwa natetemeka kama jani. Ilipofika mwezi wa tatu nikasujudu chini kwa mara ya kwanza tangu niumie, paji la uso kwenye mkeka. Sitaisahau swala ile.

Kuhusu mkanda wenyewe, ule wa Kariakoo usinunue. Nitakushonea mimi. Ule wangu wa kwanza niliufumua wote kwa wembe nione ulivyotengenezwa. Ndani kuna lastiki pana, velkro mbele, na nyuma vyuma vinne bapa, vimenyooka kama rula. Kiuno cha binadamu kina bonde, sasa chuma kilichonyooka kitakaaje hapo? Kinagusa juu na chini, katikati hewa tupu. Kimoja kilikuwa kimeshatoboa kitambaa, ndicho kilichokuwa kikinichoma mbavu. Wangu wa sasa vyuma nilivipeleka kwa fundi baiskeli akavipinda kidogo kufuata bonde, na upande wa mwilini nimetia pamba nene inayonyonya jasho. Majirani wawili nimeshawashonea.

Nitumie vipimo viwili. Cha kwanza simama wima, pumua kawaida, usivute tumbo ndani kunifurahisha, zungusha tepu usawa wa kitovu. Cha pili mtoto akusaidie: kuanzia mbavu ya chini kabisa ubavuni hadi juu ya mfupa wa nyonga, na hicho upimwe umekaa. Ukikaa nafasi ile hupungua, na mikanda mingi ya dukani inachoma hapo hapo kwa sababu aliyeikata alimpima mtu aliyesimama.

Vipimo hivyo usinitumie kabla ya kwenda hospitali. Nataka vije pamoja na maneno ya daktari. Kitambaa nimeshakikata upana, urefu ndio nimeuacha mpaka nipate habari zako.

Nisalimie watoto.

Mimi somo yako