Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi: Ilemela, Mji wa Mawe na Maji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Mtendaji wa Kata na wenyeviti wa mitaa,
Wazazi, walezi na wazee wetu mliotoka hadi Igombe, Kayenze na Sangabuye,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Na kwa wale wa nyumbani, mwangaluka.

Kwa heshima na taadhima, sisi wanafunzi wa Klabu ya Historia tunakushukuru kwa kukubali kufungua maonesho yetu ya Siku ya Wazazi. Umepanda ngazi za mawe kutoka barabarani hadi hapa kwa miguu yako. Wageni wengi wakiziona ngazi zile huomba shughuli ihamishiwe chini. Tumeliona hilo, na wazazi pia wameliona.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maonesho haya yanahusu Manispaa ya Ilemela. Kijana wa hapa akifika Dodoma au Dar es Salaam akaulizwa kwao ni wapi, hujibu "Mwanza". Hatumlaumu, maana ndilo jina linalojulikana. Akibanwa aseme Mwanza ipi, hujitetea, "Kule njia ya Airport." Lakini ukiorodhesha vitu ambavyo nchi hii inaijua Mwanza kwavyo, vingi vimesimama upande wetu: uwanja wa ndege, Uwanja wa CCM Kirumba, soko la samaki la Mwaloni, shule mbili za Bwiru, na sasa kituo cha mabasi cha Nyamhongolo. Hata hivyo tunahesabiwa kuwa mahali pa kulala watu wanaofanya kazi mjini. Hoja yetu leo ni kwamba Ilemela ina historia yake. Haikuandikwa kwenye majumba makubwa kwa sababu imebebwa na kazi za mikono ya watu: pamba, samaki na mawe.

Historia ya shuleni huanza na tarehe 3 Agosti 1858, siku ambayo Mwingereza John Hanning Speke alisimama kwenye kilima karibu na hapa, akaona maji, akayapa jina la malkia wake. Wasukuma na majirani zao walikuwa wakivua na kusafiri kwenye maji hayo wakiyaita Nyanza miaka mingi kabla yake. Na Speke hakuwa peke yake. Alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru. Speke hakujua Kiswahili. Alisema na Bombay kwa Kihindustani, naye Bombay akayageuza maneno kwa Kiswahili ili wapagazi na wenyeji waelewe. Kwa hiyo hata habari hiyo ya mzungu na ziwa ilipitia kwanza kwenye kinywa cha Mwafrika, na ndiyo maana katika meza ya kwanza ya maonesho yetu jina la Bombay limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko la mwenzake. Mwalimu wetu alituuliza kama tuna hakika. Tukamjibu kuwa tunayo.

Wajerumani walijenga kituo chao Mwanza mwaka 1892. Reli kutoka Tabora ikafika mwaka 1928, na mji ukakua kuizunguka bandari. Upande wetu ulibaki mashamba, malisho ya ng'ombe na mialo ya wavuvi, kaya zikiwa zimejibanza katikati ya miamba. Kilichotuunganisha na dunia kilikuwa pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima wa Usukuma walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakaanzisha vyama vyao vya ushirika chini ya viongozi kama Paul Bomani. Muungano wa vyama hivyo, Victoria Federation, ulikuja kuwa mmoja wa ushirika mkubwa kabisa barani Afrika, na ni wakulima wa jembe la mkono walioujenga.

Baada ya uhuru kikaja kiwanda cha nguo cha MWATEX, barabara ya Musoma. Na pamba haikuishia kwenye kitambaa, iliingia hadi uwanjani. Klabu ya Pamba, ambayo wazee hawakosi kuiita "TP Lindanda, Wana Kawekamo", ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1990. Kawekamo, Mheshimiwa, ni kata ya Ilemela. Timu ilishuka, ikakaa nje ya Ligi Kuu kwa miaka mingi, ikarudi mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji. Kuna wazazi hapa ambao tangu siku hiyo wamekuwa wagumu kupatikana jioni za mechi Kirumba.

Kiutawala maelezo ni mafupi. Mwanza ilitangazwa kuwa jiji mwaka 2000, nasi tukiwa wilaya ndani yake. Mwaka 2012 Ilemela ikapata manispaa yake, makao makuu yakawa Buswelu. Sensa ya mwaka huohuo ilitukuta watu zaidi ya 340,000. Ile ya 2022 ikatukuta zaidi ya 500,000. Mashamba ya jana ndiyo Kiseke, Nyasaka na Buswelu ya leo, ambako viwanja vimepimwa na nyumba zina geti na ukuta.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tuingie ziwani, maana sehemu kubwa ya eneo la manispaa yetu ni maji.

Sangara unayemjua si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliletwa na wakoloni miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 akawa amejaa ziwa zima. Furu, vile visamaki vidogo vya aina mamia vilivyokuwa kitoweo cha kila nyumba, vikatoweka kwa wingi tumboni mwake. Wazee waliokuja leo wanamkumbuka ningu, samaki wa asili wa ziwa hili, kwa majonzi ya kweli, na mmoja wao alituambia kwamba mtu aliyezaliwa baada ya ningu kuadimika hajala samaki.

Sangara akaleta viwanda vya minofu. Minofu ikaruka kwenda Ulaya kupitia uwanja wetu wa ndege, nasi tukabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa vilivyobaki baada ya kisu cha kiwandani kupita. Watu wengi nje ya Mwanza wameyazungumza mapanki kana kwamba ni aibu yetu. Sisi tunaona ilikuwa akili ya akina mama: waliyakaanga, wakayauza, wakalipa ada za shule. Tena biashara ile ilitufundisha jinsi ziwa letu lilivyofungamana na maamuzi ya mbali. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya taarifa za watu wanaovua kwa sumu. Watu wachache walimwaga sumu, kisha maelfu wasiohusika wakalala njaa.

Ukitaka kuijua Ilemela kwa asubuhi moja, nenda Mwaloni Kirumba. Utakuta magunia ya dagaa yakipakiwa kwenda Dar es Salaam na kwingineko, na kayabo, yule sangara wa kukaushwa kwa chumvi, akisubiri wafanyabiashara wa Kongo, Rwanda na Burundi. Kiswahili cha pale kina lafudhi za nchi zote hizo na bei hutajwa kwa zote. Kule Igombe na Kayenze dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri na sola. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika, kwa sababu taa haina nguvu mbele ya mwezi. Hivyo familia nyingi za mwambao bado zinapanga bajeti kwa mwezi wa angani, na mwalimu wa hesabu anajua ni wiki gani michango ya shule itachelewa. Siku hizi tunaona pia vizimba vya sato majini. Tunavitazama kwa matumaini, ingawa bado mtaji wake uko juu ya uwezo wa mvuvi wa mtumbwi mmoja.

Upande wa pili wa tabia ya mji huu ni mawe. Miamba hii ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, na sisi tumejenga juu yake, chini yake na katikati yake. Kirumba, Kitangiri, Nyamanoro na Ibungilo zina nyumba ambazo ukuta wa nyuma ni jabali lenyewe, kazi ya Mungu isiyohitaji lipu. Mgeni anayeshuka na ndege huziona akapiga picha. Sisi tunaoishi humo tunajua kupandisha ndoo, gunia la mkaa, jeneza na kitanda cha mgonjwa kwa njia ya mtu mmoja. Gari la zimamoto haliwezi kupita. Mvua kubwa ikinyesha tunalala tukisikiliza mlima.

Lakini mawe hayo pia yametulisha. Kuna akina mama waliosomesha watoto kwa kuponda kokoto kwa nyundo, na wawili kati yao wamekaa mstari wa pili hapo mbele yako. Na kuna barabara za mawe, zile zilizojengwa kwa vipande vya granite vilivyochongwa na vijana wa mitaa yenyewe badala ya lami. Zinapanda vilima ambavyo lami ingesombwa na maji ya mvua moja. Tungependa wahandisi wanaotoka vyuoni waje kuzisoma kabla ya kutuletea michoro ya sehemu tambarare.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ziwa linatoa na linachukua. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Wengi wamezikwa Igoma. Hakuna aliyezaliwa miongoni mwetu wakati huo, lakini kila mwaka siku hiyo ikifika kuna nyumba katika mitaa yetu ambako redio huzimwa. Katika kukusanya habari za maonesho haya, hiyo ndiyo sura ambayo wazee walitusimulia kwa maneno machache kuliko zote, nasi hatukuwasukuma.

Mwaka 2020 ziwa lilitukumbusha nguvu zake kwa namna nyingine. Maji yalipanda hadi kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu miaka ya 1960, yakaingia mialoni na kwenye nyumba zilizojengwa ukingoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa maji ziachwe bila ujenzi. Mwaka ule ziwa lilikuja kupima lenyewe.

Klabu yetu imefanikiwa kurekodi simulizi za wavuvi, wachakataji wa dagaa na waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Tumekusanya picha za zamani kutoka kwenye masanduku ya wazazi, nyavu, karabai na jezi moja ya Pamba ambayo mwenye nayo amekataa katakata kutuachia hata kwa usiku mmoja, hivyo amekuja nayo mwilini. Changamoto ni zile za kawaida: simulizi zote zipo kwenye simu za wanafunzi, na simu zinaibiwa. Chumba tunachotumia ni stoo.

Baada ya kusema hayo, tunayo maombi mawili.

La kwanza, tunaomba utusaidie tupate nakala za ramani na picha za zamani za eneo hili zilizoko kwenye ofisi za umma, pamoja na kompyuta moja ya kuhifadhia simulizi tulizorekodi.

La pili linatugusa zaidi. Tulipohesabu mikono darasani, wengi wetu tunaoishi kwenye ukingo wa ziwa kubwa kuliko yote Afrika hatujui kuogelea. Tunajua habari za kichocho, na dawa zake tunapewa shuleni. Tunajua pia habari za mamba. Hatuombi kuachiwa tukajirushe popote. Tunaomba litafutwe eneo salama na la wazi, chini ya usimamizi, ambapo wanafunzi wa manispaa hii watafundishwa kuogelea na kutumia jaketi la kuokolea. Fukwe zinazidi kuzungushiwa uzio, na ile sehemu ambayo mtoto wa Kitangiri anaweza kugusa maji bila kulipa kiingilio inapungua kila mwaka. Wapo hapa wanafunzi wenzetu kutoka kisiwa cha Bezi, ambao kufika kwao ni lazima wavuke maji. Kwao ombi hili si la mchezo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya kukata utepe utapitishwa kwenye meza zote. Meza ya mwisho ina dagaa wa kukaanga, sato wa kuchoma na ugali wa udaga, yaani wa unga wa muhogo, vilivyoandaliwa na akina mama wa Igombe. Tunakuomba usituage kabla ya kufika hapo.

Wabeja sana.

Naomba kuwasilisha.