Kwa shoga yangu mwalimu, kuhusu wasichana wako na sheria

Malindi

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza: msichana wa kidato cha pili akikujia ana mimba asiyoitaka, au akija anavuja damu na hataki kusema amekunywa nini, sheria inasemaje? Nitakujibu kwa urefu, maana wewe ndiye wanayemkimbilia hapo bwenini.

Katiba ya Kenya ya 2010 haikufunga mlango wote. Kifungu cha 26(4) kinakataza kuavya mimba, lakini kinaruhusu pale mhudumu wa afya aliyehitimu anapoona pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini. Uhai au afya, shoga. Si lazima mtoto wa watu awe anakata roho. Na Sheria ya Afya ya 2017 inamhesabu muuguzi, mkunga na tabibu pamoja na daktari, mradi wamefunzwa kazi hiyo na wana leseni.

Shida ni kwamba Kanuni ya Adhabu, ya tangu 1930, bado imesimama pale pale: miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, saba kwa mwanamke mwenyewe, mitatu kwa anayempa dawa au kifaa. Askari akiitwa, hiyo ndiyo anayokuja nayo.

Hapa hapa Kilifi, mwaka 2019, msichana wa shule wa miaka 16 alipata matatizo ya ujauzito akaenda kliniki. Tabibu alieleza kwamba alimkuta mimba imekwisha kutoka, akamtibu. Polisi wakaingia matibabu hayajaisha, wakawakamata wote wawili. Msichana akalazimishwa kupimwa tena hospitali nyingine. Tabibu alikaa ndani wiki nzima. Yule mtoto alikaa rumande zaidi ya mwezi, kwa kuwa jamaa zake hawakuwa na pesa za dhamana. Mwezi mzima, kwa kosa la kwenda kutibiwa! Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi ilifuta mashtaka ikasema huduma ya kutoa mimba ni haki ya msingi. Tulilia kwa furaha siku ile. Lakini hukumu hiyo ilikatiwa rufaa, kwa hiyo usije ukaitegemea mbele ya mtu. Katiba yenyewe haijabadilika.

Kuna na yule binti wa Kisii aliyebakwa mwaka 2014, akatolewa mimba na asiyejua kazi. Alizungushwa hospitali kwa hospitali, figo zikaharibika, akafa 2018. Wakati ule Wizara ya Afya ilikuwa imeuondoa mwongozo wake wa utoaji mimba salama, Desemba 2013, kisha ikapiga marufuku mafunzo kwa wahudumu. Juni 2019 majaji watano walisema hatua hizo zilivunja haki, wakaamuru mama yake alipwe fidia ya shilingi milioni tatu. Milioni tatu, na mwana yuko kaburini.

Sasa umri. Hili ndilo linalowaumiza wasichana wako kuliko yote. Chini ya miaka 18 mhudumu humwambia, kamlete mzazi. Na mzazi ndiye anayemwogopa, pengine ndani ya nyumba hiyo hiyo ndimo mimba ilimotoka. Tena kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, mimba ya mtoto ni ushahidi wa unajisi, yaani kujamiiana na mtoto, hata kama mwenzake ni mvulana wa darasa la jirani. Akisema ukweli, polisi wanakuja. Basi hunyamaza, akaenda kwa muuza vidonge au kwa bibi wa mizizi. Utafiti wa 2012 uliofanywa pamoja na wizara ulikadiria mimba karibu 465,000 zilizotolewa nchini mwaka ule, nyingi kwa njia za hatari.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Anayevuja damu mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Kifungu cha 43(2) kinasema hakuna wa kunyimwa matibabu ya dharura, na hakisemi umri wala sababu. Usimhoji njiani, usiandike katika daftari la shule kile asichokwambia. Mwenye mimba na bado hajafanya lolote, mtafutie muuguzi au tabibu aliyefunzwa amsikilize peke yake kwanza, akili yake pia, kwani afya ni pamoja na hiyo. Akiwa amebakwa, msichelewe hata siku moja.

Wakuu wako wakikutisha, waambie waniandikie mimi. Hukumu ya 2019 nimeinakili, nitampa shemeji akipanda basi la Lamu Ijumaa. Ukiipata, nijulishe muuguzi wa zahanati yenu kasemaje.

Mwenzio wa siku zote